Pampu ya Mafuta Inayochemka Kwenye Gari Lililoongezwa Nguvu: Mwongozo Kamili kwa Barabara za Nyanda za Juu Kusini

Dalili zake madereva wengi wa huku wanazijua. Umetoka Makambako tangi likiwa robo, umepita Igawa na Chimala jua la Usangu likiwaka, ukaanza kupanda kuelekea Uyole. Nyuma unasikia mluzi ambao asubuhi haukuwepo. Gari linavuta kwa kusitasita, ukikanyaga linakata, mwisho linazima. Unakaa pembeni nusu saa, unapiga swichi, linawaka kama vile halikuwa na kitu. Wengine humwagia tangi maji, au hufunga tambara lililoloa kwenye pampu ya nje, wakafika Mbeya. Kesho yake wanaambiwa wanunue pampu mpya. Wanainunua, wanaifunga, na baada ya muda mfupi mluzi unarudi.

Hapo ndipo fedha nyingi zinapotea, na inaniuma kuona kijana amejinyima mwaka mzima ili ajenge Chaser au Impreza yake, kisha anabadilisha pampu ya tatu bila mtu yeyote kuweka mita kwenye waya. Gari likishaongezwa nguvu, pampu haichemki bila sababu. Kuna kitu kinaitesa: umeme hauifikii sawasawa, au njia ya mafuta imebana, au pampu ni kubwa kuliko kazi yake, au imefungwa mahali pasipofaa. Kwa hiyo unapima kwanza, unanunua baadaye. Hatua zilizopo hapa chini zimepangwa hivyo kwa makusudi, kuanzia zisizo na gharama.

Joto linatoka wapi

Pampu ya umeme hupozwa na petroli yenyewe. Mafuta huingia chini, hupita katikati ya mota, husugua karboni na sumaku zake, kisha hutoka juu kwenda injini. Kwa mfumo wenye njia ya kurudi, yale ambayo injini haikuyatumia hurudi kwenye tangi yakiwa yamebeba joto la mota na joto la injini.

Sasa fanya hesabu. Pampu kubwa inayotumia ampia 12 kwa voti 13.5 inakula wati 160 hivi, na karibu zote huishia kuwa joto ndani ya petroli. Tangi likiwa na lita 40, joto hilo peke yake linaweza kupandisha mafuta kwa nyuzi 9 hivi kwa saa. Likiwa na lita 10, ni zaidi ya nyuzi 35 kwa saa. Bati la tangi hupoza kiasi, kwa hiyo haifiki kote huko, lakini unaona kwa nini gari lile lile linalokwenda Iringa vizuri likiwa limejaa linazima njiani likiwa robo.

Kuna na mwinuko. Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na barabara ya Chunya inapita juu ya mita 2,000. Mgandamizo wa hewa Mbeya ni pungufu kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na pwani, ndiyo maana maji ya Mbeya huchemka kwenye nyuzi 94 hivi na maharage huchelewa kuiva. Petroli nayo huanza kutoa mvuke mapema zaidi, hasa upande wa kunyonya. Pampu ikimeza mvuke badala ya mafuta, inapoteza kilainishi na kipozeo kwa wakati mmoja. Mluzi ule ndiyo sauti ya mapovu yakipasuka ndani yake.

Kisha kuna jambo ambalo wachache wanalifikiria: injini isiyo na tabo (turbo, kifaa kinachoshindilia hewa ndani ya injini) hupungukiwa nguvu kwenye mwinuko huu, kwa hiyo inatumia mafuta machache kuliko ikiwa Dar es Salaam. Pampu inasukuma kiasi kile kile. Mafuta yanayozunguka bure na kurudi ya moto ni mengi zaidi huku kwetu.

Kabla hujafungua chochote

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukaondoka, unatambaa sakafuni na kujaa kwenye shimo la gereji. Fanya kazi hii nje, gari likiwa limepoa, na usiifanyie juu ya shimo. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Mbeya na Makete inapokaza, mafundi wengi huweka jiko la mkaa la kuota ndani ya gereji. Siku ya kufungua tangi jiko hilo litoke, na lisiwe upande ambao upepo unatoka wala unakokwenda. Anayechomelea jirani asimame. Weka mtungi wa kuzimia moto wa unga karibu, mahali mkono unapofika.

Kutoa presha: chomoa fyuzi au rilei ya pampu (swichi ndogo inayowashwa na umeme), washa injini iache ijizimie yenyewe, piga swichi mara moja tena, kisha toa waya wa hasi wa betri. Hata baada ya hapo, unapolegeza mpira wa mafuta uzungushie tambara.

Hatua ya 1: hakikisha ni pampu kweli

Koili ya plagi na sensa ya kranki (inayosoma mzunguko wa injini) nazo hufa zikipata moto na kufufuka zikipoa. Tofauti inaonekana dakika ile gari limezima. Washa swichi bila kupiga stata, mtu asikilize nyuma: kwa magari mengi pampu inatakiwa ivume kama sekunde mbili halafu inyamaze. Usiposikia kitu, gusa rilei yake. Ikiwa ni ya moto sana, ibadilishe na nyingine ya namba ile ile kutoka kwenye boksi, kwa mfano ya honi, uone. Rilei iliyochoka inaweza kukudanganya kwa miezi.

Kipimo cha uhakika ni geji ya presha. Ukiwa na gari lililoongezwa nguvu na huna geji ya mafuta, hiyo ndiyo spea ya kwanza ya kununua, kabla ya rimu na kabla ya egzosi. Gari likizima presha ikiwa bado juu, mtafute fundi umeme, tatizo liko upande wa moto wa plagi. Presha ikishuka kwanza halafu injini ndiyo inazima, endelea na hatua inayofuata.

Hatua ya 2: pima umeme palepale kwenye pampu

Hapa ndipo penye utajiri wa majibu, kwa hiyo tulia napo.

Waya wa kiwandani ulichaguliwa kwa pampu ya kiwandani, inayotumia ampia 4 au 5. Umefunga pampu ya lita 255 kwa saa inayoweza kufika ampia 10 hadi 15, lakini waya ni ule ule mwembamba, umepita kwenye rilei ile ile na plagi za nyaya (viunganishi) zile zile zenye miaka 25. Waya wa milimita mraba 0.85 wenye urefu wa mita 5, ukibeba ampia 12, unapoteza voti 1.2 njiani, hata kabla hujahesabu plagi zake na waya wa kurudi kwenye bodi. Waya wa milimita mraba 4 wa urefu huo huo unapoteza robo voti tu.

Injini ikiwa inaunguruma, pima betri. Tuseme umepata 14.0. Sasa gusisha mita kwenye nyaya mbili za pampu kwenye mfuniko wa tangi, pampu ikiwa inafanya kazi. Ukipata 13.5 au zaidi, umeme ni mzuri. Ukipata 12 kushuka chini, umeshakamata mwizi mmoja. Mtafute alipo: weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya pampu, usome. Kisha hasi ya betri na hasi ya pampu. Kila upande usizidi voti 0.3. Mara nyingi upande mbovu ni wa hasi, kwa sababu boliti ya bodi imeshika kutu au imepakwa rangi gari liliponyooshwa.

Kwa nini voti chache zichemshe pampu? Presha inayotakiwa haijapungua, kwa hiyo mota inaendelea kuvuta ampia karibu zile zile, lakini inazunguka polepole. Mafuta yanayopita kuipoza yanakuwa machache. Na voti zilizopotea hazikupotea hewani: voti 1.5 kwa ampia 10 ni wati 15 zinazochoma kwenye plagi moja ndogo ya plastiki. Ifungue uiangalie. Plagi iliyoteswa inakuwa ya kahawia pembeni mwa pini moja, plastiki imelegea, na pini imepoteza rangi yake ya kung'aa. Hiyo usiisafishe. Ikate, weka mpya.

Hatua ya 3: presha na ampia kwa pamoja

Kwa mifumo mingi ya zamani ya Toyota yenye njia ya kurudi, toa ule mpira mdogo wa upepo kwenye regyuleta (kidhibiti cha presha ya mafuta), uuzibe, na usome geji: karibu bar 3 au chini yake kidogo, yaani paundi 40 na ushee. Ukiurudisha, presha ishuke. Kwa gari lenye tabo, kila bar moja ya upepo wa tabo lazima iongeze bar moja ya mafuta. Magari mengine regyuleta imo ndani ya tangi na hayana mpira huo. Hayo fuata kipimo cha presha cha gari husika.

Presha ikiwa juu kupita kawaida, bar 4 kwa mfano, wakati injini haijakanyagwa, njia ya kurudi ni nyembamba kwa pampu uliyofunga, au imepondwa mahali chini ya gari. Hili hutokea sana kwa magari yanayopita barabara za vumbi na mawe. Bomba likigongwa na kubonyea, pampu inasukuma ukuta mchana kutwa.

Sasa kamata waya wa pampu kwa mita ya kubana ya ampia za mkondo wa betri, ile ya umeme wa nyumbani haitasoma. Ampia nyingi na presha kubwa ni kizuizi mbele ya pampu: bomba la kurudi lililobonyea, regyuleta. Ampia nyingi na presha ndogo, pampu imechoka ndani, au filta iliyo kabla ya geji imeziba. Ampia chache, presha inayocheza na mluzi, pampu inanyonya mvuke au chujio lake limeziba.

Hatua ya 4: pima wingi wa mafuta

Elekeza mpira wa kurudi kwenye kidumu cha chuma chenye alama za lita, mbali na moto wowote, na uiendeshe pampu sekunde 15. Pampu ya lita 255 kwa saa inatoa zaidi kidogo ya lita moja kwa muda huo ikiwa haina mzigo, na ikiwa na presha itatoa pungufu. Ukipata nusu lita na umeme ulishaupima ukawa mzuri, fungua tangi.

Hatua ya 5: ndani ya tangi

Mfuniko uko chini ya siti ya nyuma kwa magari mengi, mengine ndani ya buti. Futa mchanga wote kabla ya kufungua, kwa brashi na upepo wa kompresa, kwa sababu vumbi la Usangu likidondokea humo ndani utakuwa umejitengenezea ugonjwa mpya.

Itoe pampu na kishikio chake, uiangalie bila haraka. Chujio la chini likiwa jeusi au lina unga wa kutu, limekwisha. Wanaojaza mafuta ya vidumu vijijini hulimaliza upesi zaidi, na hao wabadilishe pia filta kubwa ya chini ya gari siku hiyo hiyo.

Kisha uangalie ule mpira mfupi unaounganisha pampu na bomba la kishikio. Huu hupuuzwa mno. Fundi anakata kipande cha mpira wa mafuta wa kawaida, anaubana, anafunga tangi. Mpira wa kawaida umetengenezwa kubeba petroli kwa ndani, haukutengenezwa kulala ndani yake. Ukizama, unavimba kwa nje, unalainika, unapasuka karibu na klempu. Mafuta yanavujia humo humo tangini, hakuna harufu, hakuna tone chini, na pampu inajitahidi kutwa nzima kufikisha presha ambayo nusu yake inarudi inapotoka. Mpira unaofaa umeandikwa SAE 30R10. Ni ghali, na unahitaji sentimita chache tu. Kwa mipira ya nje ya injini yenye nozo (zinazopuliza petroli kwa presha) tumia iliyoandikwa 30R9. Ile ya 30R7 ni ya kabureta.

Nyaya za ndani ya tangi zisiwe za kuungwa na selotepu. Gundi ya selotepu huyeyuka kwenye petroli na kwenda kuziba chujio.

Hatua ya 6: waya mpya wenye rilei yake

Vuta waya wa milimita mraba 4, wa nyuzi nyingi, kutoka chanya ya betri. Waya wa nyumbani wenye msumari mmoja usiuguse, mtikisiko unaukata. Weka fyuzi ya ampia 20 ndani ya sentimita 20 hadi 30 kutoka betri, siyo nyuma kwenye buti. Waya uingie pini 30 ya rilei, pini 87 iende kwenye pampu. Pini 85 ishike bodi. Pini 86 iunganishwe na waya wa zamani uliokuwa unaipa pampu umeme. Hasi ya pampu nayo ipewe waya mnene, boliti ikae kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, kisha upake grisi juu yake.

Hiyo pini 86 nairudia kwa sababu ni uhai wa mtu. Wapo wanaoiunganisha moja kwa moja na swichi ili kuokoa muda. Gari la namna hiyo likipinduka Kitonga, injini inazima lakini pampu inaendelea kumwaga petroli juu ya egzosi ya moto mpaka mtu apate nafasi ya kuzima swichi. Ukitumia waya wa zamani kuamsha rilei, kompyuta ya gari inakata pampu yenyewe injini ikisimama. Mwambie fundi akuonyeshe: zima injini kwa kuchomoa plagi ya sensa ya kranki huku swichi ikiwa imewashwa. Pampu inyamaze ndani ya sekunde chache. Isiponyamaza, gari lisitoke gereji.

Hatua ya 7: pampu ya ukubwa unaotakiwa

Injini isiyo na tabo, ikiwa kwenye nguvu zake zote, hutumia kama lita 0.3 kwa saa kwa kila farasi mmoja. Yenye tabo ni kama 0.37. Mark II yenye injini ya 1G-FE, isiyo na tabo, ya farasi 160 haizidi lita 50 kwa saa hata ukikanyaga mpaka chini. Gari la tabo la farasi 300 linataka lita 110, ongeza asilimia 30 ya akiba, ni 145. Sasa niambie pampu ya lita 340 inafanya nini kwenye Mark II ya kawaida iliyobadilishiwa egzosi na filta ya upepo. Inachemsha petroli, hakuna kingine. Hapo tiba ni kurudi kwenye pampu ya kiwandani ikiwa mpya, na utabaki na chenji.

Wenye injini ya Toyota ya tabo ya 1JZ-GTE wajue kwamba kiwandani gari lina kidhibiti kinachopunguza voti za pampu injini isipokuwa na kazi, kisha kinazipandisha ukikanyaga. Ukivuta waya wa moja kwa moja, umekiondoa, na pampu sasa inakimbia kwa nguvu zote hata ukiwa umesimama kwenye foleni ya Mwanjelwa. Kwa gari la safari za kila siku na pampu kubwa, ni heri kufunga kidhibiti cha kasi ya pampu chenye uwezo wa ampia zako.

Hatua ya 8: mahali

Hii ni kwa waliobadilisha injini, hasa pikapu za kabureta zilizowekewa injini ya nozo na pampu ya nje. Pampu hizi zinajua kusukuma, hazijui kunyonya. Ikifungwa kwenye boneti karibu na injini inapata mateso mawili: joto, na mita tatu za kunyonya. Ifungwe nyuma, karibu kabisa na tangi, chini ya usawa wa sehemu ya kutolea mafuta ili yaishukie yenyewe, kwenye kishikio chenye raba, nyuma ya bamba la kuikinga na mawe.

Egzosi mpya, ikiwa nene kuliko ya zamani, mara nyingi hupita karibu na tangi au mabomba. Weka bamba la bati katikati likiwa na nafasi ya hewa pande zote mbili. Kuvingirisha bomba la mafuta kwa karatasi ya kung'aa bila nafasi ya hewa hakutoshi.

Kulijaribu barabarani

Usilijaribu kwa kuzunguka Soweto na Kabwe. Lipeleke linakoteseka: shuka nalo mpaka Chimala mchana, tangi likiwa nusu, zima dakika kumi na tano joto litulie ndani, kisha panda kurudi Uyole kwa mzigo. Kwa wa Iringa, kipande cha Ruaha Mbuyuni kupanda Kitonga kinatosha kabisa. Mwenzako aandike presha na voti za pampu chini ya mlima, katikati na juu. Voti zisipungue 13.3, presha isishuke zaidi ya bar 0.2 kutoka ilipoanzia kwa upepo ule ule. Ukifika, shika plagi ya pampu kwa mkono: iwe vuguvugu tu. Namba zikikaa hivyo, rudia safari tangi likiwa robo, na ukiwa na kidumu cha chuma cha akiba kilichofungwa vizuri kwenye buti. Zikianza kushuka kwa robo lakini si kwa nusu, umeme na njia viko sawa na kilichobaki ni joto la mafuta yenyewe, kwa hiyo rudi hatua ya saba.